Mgomba Chini ya Tailizi

Ruiri,
9 Februari 2025

Kwa mwari wakwa, binti yangu Nkirote,

Muga sana, salamu nyingi. Natumaini uko mzima na ile homa ya kifua imepoa. Mimi hapa niko sawa, ni goti tu linasema mvua itakuja kubwa mwaka huu, na goti langu halijawahi kushindwa na redio. Ng'ombe wako sawa. Ile ndama ya paji jeupe imekuwa na kiburi kama wewe, ukiiita inageuka kuangalia upande wa Isiolo.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu yako inaniambia mteja hapatikani tangu siku ile. Mteja anapatikana kwa shangazi yake, anapatikana kwa watu wa kanisa, ni kwangu tu amepotea. Haidhuru, kalamu haiwezi kufungiwa. Watu wanasahau mimi nilikuwa namba moja kwa ngumbaru ya hapa Ruiri, hadi mwalimu alikuwa akimaliza kuandika ubaoni ananiangalia kwanza kama nimekubali. Barua nimempa Njoka wa gari za Embu, atakuachia dukani kwa jirani yako Kibibi.

Sasa sikiliza. Hii hadithi ya moto kila mtu anaisimulia vibaya. Shangazi yako Gatakaa, pale sokoni Gakoromone juu ya magunia yake ya viazi, anaambia wateja ati nilichoma nyumba ya mtoto hadi mabati yakaanguka. Kinoti kinyozi anasema nilikuwa nimelewa. Mchungaji naye amenitia kwa mahubiri. Jina amelificha, akasema tu "mzee mmoja mnunuzi wa ng'ombe." Hapa Ruiri wanunuzi wazee tuko wawili na yule mwingine hajatoka kitandani tangu Krismasi! Na wewe mwenyewe hukuweko, ulikuwa umeenda ofisini kuchukua funguo ya pili. Aliyekuwa ndani ni mmoja, na ndiye huyu anaandika.

Tulipofika kwa geti ya nyumba yako mpya hapo Embu alitupokea yule kijana wa kampuni iliyokuuzia, Njue, na viatu vyake vyenye mdomo mrefu kama wa korongo. Anatembea polepole, kwa vidole, kama mtu anaogopa kuamsha nyumba. Siku hizi naelewa kwa nini. Akaniambia, "Karibu Bustani ya Neema Villas, mzee. Hapa ni viwango vya kimataifa." Nikamuuliza ni taifa gani hilo. Akacheka, akaangalia simu.

Mkaenda. Nikabaki nikiikagua hiyo nyumba kama ninavyokagua ng'ombe. Mlango wa jikoni ukiufunga unarudi kukusalimia. Dirisha ukilisukuma linasukumana na wewe. Ukuta niliukwaruza na ukucha tu, ukaniachia unga wa kutosha chapati. Nkirote, kuna mtu akitaka kukuuzia ng'ombe aliyekonda, asubuhi anamlambisha chumvi, anamnywesha maji hadi tumbo linakuwa ngoma, anampaka mafuta, anakuletea sokoni aking'aa. Wewe unalipa. Jioni ng'ombe anakojoa, na unabaki na ngozi. Hiyo nyumba ilikuwa imenyweshwa maji.

Lakini nilinyamaza. Nilisema mtoto amefurahi, wacha nifanye kile kilinileta. Unajua kwetu nyumba haiingiwi ikiwa baridi. Ya baba yangu iliwashiwa moto kwanza, hii ya hapa tuliiwashia moto mimi na mama yako kabla hata kitanda hakijaingia. Nilikuwa nimebeba kwa gunia mafiga ya mama yako, yale mawe matatu Celina alipikia tangu nimuoe hadi tumzike. Nikayapanga katikati ya sebule. Kuni kidogo, sufuria ndogo, chai ya kikombe kimoja cha kufungulia nyumba. Siyo ule moto wa Gatakaa unaoonekana kutoka Chuka.

Maji hata hayajaimba. Pa! Tailizi moja ya sakafu ikapasuka. Pa! Ingine, kipande kikapita sikio langu kikaenda kulala jikoni. Nikasimama. Halafu jiwe moja likaanza kwenda chini. Polepole, kama ng'ombe kwenye matope. Sufuria ikainama, chai ikamwagika, moto ukazimika. Umesoma hapo? Moto wangu ulizimwa na chai! Hiyo ndiyo nyumba ati niliichoma.

Nikaingiza mkono kwa lile shimo nikitafuta simiti. Nikatoa udongo. Udongo mwekundu wa shamba, na unyevu wake. Nikaingiza tena hadi kiwiko, nikashika kitu baridi na laini, nikaruka, nikajua ni nyoka. Haikuwa nyoka. Ilikuwa mtoto wa mgomba, mweupe kama mtu ametoka jela, amejikunja chini ya tailizi anatafuta mlango. Hawa watu walijenga juu ya shamba la ndizi la mtu na hata kisiki hawakung'oa! Walimwaga mchanga kidogo, wakapanga tailizi juu kama mtu anayefunika ugali na sahani, wakaita kiwango cha kimataifa.

Hapo ndipo mliingia. Wewe uliona moshi. Njue aliona shimo, akalifunika na kadibodi, ndipo akaanza kupiga nduru ya moto. Akakuambia ati moto wangu umeunguza simiti ikawa udongo. Nkirote wangu, uliyesoma hadi kidato cha nne! Kama simiti ikichomwa inakuwa udongo mwekundu, twende tuchome barabara ya Meru tupande viazi.

Ukalia, ukaniambia niende. Nikaenda bila neno, kwa sababu ukilia unafanana na mama yako, na huyo ndiye mtu pekee aliwahi kuninyamazisha.

Sasa nakuomba kitu kimoja. Ile karatasi ya Njue ya kusema umeipokea nyumba na umeridhika, usitie sahihi. Kwanza inua tailizi moja ya chumba cha kulala, kule moto haukufika. Ukipata simiti, nitasimama kanisani niombe msamaha, na jina langu nitalitaja mwenyewe.

Salimia Kibibi, alinipa maji ya kunawa siku ile hakuniuliza swali hata moja.

Ni mimi,
Baba yako Kaimenyi


Ruiri,
2 Machi 2025

Mwari wakwa,

Muga tena. Uko aje? Mimi niko sawa, goti linaongea zaidi.

Njoka ameniapia barua ulipata. Anasema uliisoma ukiwa umesimama, ukaikunja, ukaiweka kwa aproni. Kama uliiweka kwa aproni hukuichoma, basi hapo katika sisi wawili mchomaji ni mimi peke yangu.

Sikuambii maneno mengi. Nimeambiwa na Gatakaa, ambaye simu yake unashika, ati Njue amewapa mwisho wa Aprili, asiyetia sahihi atapoteza nyumba. Mtu anakuharakisha hivyo kwa nini? Mimi nikiwa na ng'ombe mzuri nakuambia chukua wakati, mzunguke, mshike meno, rudi kesho. Nikiwa na mgonjwa ndiyo nakuambia amua haraka kuna mtu wa Maua anakuja na pesa mkononi.

Tailizi moja tu. Hata ile iliyo chini ya kitanda.

Baba yako


Embu,
16 Machi 2025

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na goti linapata dawa, siyo maneno tu. Mimi kifua kimepona. Kazi iko, shule zinataka sare na cherehani inalia kutoka asubuhi.

Barua zote mbili nimepata. Nilikuwa sitaki kujibu kwa sababu kila nikianza naandika matusi, na mama hakunifundisha kumtukana baba. Lakini umecheka vya kutosha, sasa wacha mimi niongee.

Unajua nilitoka wapi, Baba? Chumba kimoja, ambacho nikitaka kukata kitambaa lazima nifungue mlango ndiyo mkono upate pa kwenda. Nilinunua ploti. Ukaniambia utaniletea nyumba ya mbao kutoka huko, nikafurahi kama mtoto. Nikaenda kaunti. Ofisa akaniambia mbao haziruhusiwi ndani ya mji, ni hatari, ni jiwe tu. Nikasema sawa, jiwe. Akaniambia nilete michoro ya mtu mwenye mhuri. Nikaleta. Akaniambia niache nafasi mbele kwa ajili ya barabara, niache nyuma kwa ajili ya maji machafu, niache kando kwa ajili ya jirani. Nilipomaliza kuachia kila mtu, ilibaki mahali pa kuku watatu wasiopendana. Ndiyo nikauza, nikaweka kila kitu kwa hii Bustani ya Neema. Katika zote zilizotangazwa hapa Embu, hiyo ndiyo ilikuwa bei ambayo mtu wa cherehani anaweza kutaja bila kukaa chini kwanza.

Halafu wewe ukaja na kuni.

Mkataba unasema hakuna moto wa kuni ndani ya nyumba. Umeandikwa, Baba. Njue anasema kwa sababu hiyo wanaweza kuchukua nyumba na nisipate hata senti. Lakini nikitia sahihi kwamba nimeridhika, watanitengenezea sebule kwa huruma. Huruma! Nimegeuka mtu wa kuhurumiwa na kijana anayevaa viatu kama sindano. Na amewaambia majirani ati nyufa za kuta zao zilitokana na joto lako. Mama mmoja wa nyumba ya geti ameacha kunisalimia. Kibibi tu ndiye bado ananiletea uji.

Kuinua tailizi ya chumbani siwezi. Nikikuta simiti, nitakuwa nimevunja nyumba mara ya pili kwa sababu yako. Nikikuta udongo, nitakuwa nimelala juu ya udongo nikijua. Sasa hivi afadhali sijui.

Njue alitaka kubeba yale mawe ya mama ati ni ushahidi. Niliyakalia. Nilikaa juu ya hayo mawe na aproni yangu na tepu shingoni hadi akaondoka. Halafu nikayaosha. Masizi yalitoka upesi, nikashangaa, mawe ya miaka hiyo yote. Yako chini ya meza ya cherehani, miguu yangu inayagusa nikishona.

Usije Embu kwanza.

Binti yako,
Nkirote


Ruiri,
23 Machi 2025

Mwari wakwa Nkirote,

Muga, muga, muga. Barua yako nimeisoma mara nyingi hadi ndama wamezoea. Nashukuru umepona kifua. Goti limepata dawa, usinipigie kelele.

Sitakuja. Umesema nisije, nimesikia. Lakini kucheka hukunikataza.

Huyo ofisa wako wa kaunti anaogopa mbao. Ati ni hatari! Mwambie nyumba ya mbao ninayokaa mimi imesafiri kuliko yeye. Tulipogawanya shamba na ndugu zangu, ilikuwa upande usio wangu. Tuliita wanaume, tukaipitishia nguzo chini, tukainyanyua na kuivusha kutoka kule kwa mikaratusi hadi hapa. Mama yako alikuwa ndani anakaanga kabichi. Alikataa kutoka, akasema kabichi itaungua. Nyumba inatembea, yeye anageuza mwiko. Hakuna tone la mafuta lilimwagika. Haya, tone moja. Tulipoiweka chini mlango ulifungwa vilevile ulivyokuwa unafungwa. Sasa mwambie Njue ainyanyue hiyo yake. Atabaki na mabati mkononi.

Kwa hivyo mbao zangu ni hatari, lakini vumbi lao lina mhuri. Ploti yako ilipimwa hadi pumzi ya jirani ikaachiwa nafasi. Wao wakapanga nyumba hadi ukipiga chafya kwako Kibibi anasema pole. Hao hawakuambiwa waache mbele na nyuma? Au mbele na nyuma yao waliacha kwa bahasha?

Nimeelewa unaogopa kujua. Sikucheki kwa hiyo. Mimi pia kuna vitu hapa nyumbani sijagusa tangu mama yako aende, kwa sababu hiyohiyo.

Basi usiinue chochote. Ngoja mvua tu. Nyumba iliyonyweshwa maji na muuzaji, ngoja inyweshwe na Mungu. Usinisikilize mimi, sikiliza kitanda.

Baba yako mpendwa, anayependwa na ng'ombe peke yao


Embu,
4 Mei 2025

Kwa Baba,

Shikamoo Baba. Najua umehesabu Jumapili. Nisamehe kwa kukaa kimya, ukisoma utaelewa. Niko mzima kabisa. Wewe na goti lako mko aje? Mwambie goti lilikuwa na haki.

Mvua ilianza na haikupumzika. Siku moja asubuhi, sijamaliza chai, nikasikia Kibibi ananiita kwa dirisha. Unajua bwana yake Nurudin, yule wa bucha, ni mtu mzito. Kibibi akaniambia, "Nkirote, sisi tumeamka vichwa viko chini, miguu iko juu, kama mbuzi wa dukani kwetu. Njoo uone."

Nikaenda. Miguu miwili ya kitanda ilikuwa imeingia ndani ya sakafu. Nurudin amekaa juu ya kitanda ameshika ukuta, anaogopa kushuka. Kibibi akasema, "Kwani uko mbinguni? Shuka!" Akachukua shoka la kukatia mifupa, akaingiza ncha chini ya tailizi, akabinua. Hata nguvu haikutaka. Ilitoka kama kifuniko cha sufuria.

Udongo, Baba. Udongo wako ule mwekundu.

Nilirudi kwangu. Nikachukua mkasi wangu mkubwa, nikaingia chumbani, kule moto haukufika, nikainua moja. Kulikuwa na nyungunyungu. Nikakaa chini nikacheka hadi Kibibi akafikiri nimepagawa. Halafu nikalia, halafu nikatoka nje nikapiga mlango wa kila mtu. Hata yule mama wa geti. Kwake tulikuta kisiki kizima, bado na jina la mtoto fulani limechongwa na kisu.

Kumbe wengine walijua sakafu inalia chini ya miguu na kila mmoja alikuwa anafikiri ni kwake tu, akanunua zulia.

Hakuna aliyetia sahihi. Na hakuna aliyelipa ile awamu ya mwisho ya pesa za nyumba. Hiyo ndiyo ilileta Njue mbio, na nani? Ofisa wa kaunti. Yuleyule wangu wa mbao ni hatari. Tukasimama wote sebuleni kwangu. Kibibi ndiye alianza.

"Njue, moto wa mzee Kaimenyi ulifika kwangu kwa njia gani?"

"Joto husambaa, mama."

"Na kwa nyumba ya geti?"

"Pengine ni upepo."

"Upepo uliingia chini ya tailizi ukatoa simiti, ukaweka udongo, ukarudisha tailizi?"

Njue akasema hayo ni mambo ya kiufundi. Nikamgeukia ofisa, nikamuuliza kama yeye aliipitisha hii. Akasema ile aliyoipitisha ilikuwa na sakafu. Nikamuuliza kama alikuja kuiona. Akasema, "Niliona mchoro." Nurudin, ambaye huwa haongei, akasema, "Basi sisi tungelala kwa mchoro."

Na sasa hii nakuambia kwa sababu nilikuwa naona aibu. Mimi sikuamini ule mgomba. Nilisema hapo baba ameongeza, maana unapenda kuongeza. Baba, nilitoa ile kadibodi mbele ya watu wote na ulikuwa pale. Umepata mwanga kwa pembe moja ya kadibodi iliyoinuka, umetoa jani moja la kijani, limejifungua vizuri kuelekea dirisha. Ofisa akamwangalia Njue. Njue akasema, mbele ya Mungu na Kibibi, "Hilo ni pambo."

Kampuni imekubali kuvunja sakafu zote na kumwaga upya, sisi wenyewe tukiwa tumesimama hapo. Nyufa za kuta wanasema ni za kawaida. Hiyo ni vita ingine. Nyumba haijawa nzuri, lakini imekuwa yangu, na hakuna mtu anayenihurumia tena.

Nisamehe kwa siku ile nilikufukuza. Simu nimekufungulia, lakini endelea kuandika. Kwa simu unaongea sana.

Binti yako,
Nkirote


Ruiri,
11 Mei 2025

Mwari wakwa,

Muga mwenye nyumba! Mimi niko mzima kuliko juzi, goti limevimba kwa majivuno.

Nilishika barua yako nikaenda nayo Gakoromone bila kunywa chai. Nikamsomea Gatakaa mbele ya wateja wake wote, kwa sauti, na pale kwa mgomba nikasoma mara mbili. Unajua alisema nini? Ati yeye ndiye aliniambia niende na kuni! Sasa hivyo ndivyo anavyoisimulia. Ati alijua hiyo nyumba tangu mwanzo, akanituma kama mpelelezi. Kinoti kinyozi ameninyoa bure. Mchungaji bado ananyamaza, nafikiri anatafuta mahali pa kuniingiza kwa Biblia bila kusema pole.

Huyo Njue mwambie kwetu tuna mapambo mengi ya aina hiyo, tunayakata tunalisha ng'ombe.

Mgomba usikatwe. Uchimbue na udongo wake, uupande nje kwa fensi. Uliteseka pale chini kuliko sisi wote.

Msamaha nilikupa siku ileile nikiwa bado kwa geti. Sikusema kwa sababu nilikuwa nimekasirika.

Baba yako, mkaguzi wa nyumba


Embu,
8 Juni 2025

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini wote wazima huko na ndama ameacha kiburi. Huku tuko sawa, tumejaa vumbi.

Sebule yangu imevunjwa. Visiki vimetoka vitano, Nurudin alisaidia kuving'oa na kamba ya bucha. Mgomba nimeupanda kwa fensi, umeshika. Kokoto imeletwa, na Kibibi amekalia mifuko ya simiti ili isipungue ikielekea kwenye karai. Jumamosi hii fundi anamwaga.

Nimeamua kitu. Mama hakuwahi kuiona hii nyumba. Nilikuwa naweka pesa nikisema atakuja akae karibu na dirisha, lakini hakungoja. Kwa hivyo nimemwambia fundi ayaweke yale mafiga yake ndani ya sakafu, pale chini ya dirisha, yote matatu, simiti iyashike na migongo ionekane juu. Nikishona nitakuwa nikiyaona. Hapo mama atakuwa amefika, na hakuna mtu atamtoa.

Njoo Jumapili ufungue nyumba vizuri. Moto utawasha nje, tafadhali. Kibibi atapika mahamri.

Binti yako,
Nkirote


Ruiri,
11 Juni 2025

Nkirote mwanangu,

Muga. Niko mzima, natumaini nawe uko mzima. Hii nimempa Njoka mkononi nikamwambia asisimame hata Chuka kukojoa. Ningepiga simu, lakini nilijaribu kulisema hili nikiwa peke yangu kwa zizi na sauti ikakataa.

Mwambie fundi angoje. Asiyaweke hayo mawe.

Siku ile nilipokuja, asubuhi niliingia jikoni hapa nyumbani na gunia. Nilikuwa nataka kuyaleta kweli, ukitaka nitaapa. Nikashika lile la mbele, lile lenye ufa, ambapo alikuwa anaegemeza mwiko wake. Likatikisika, na chini yake kulikuwa na jivu. Siyo jivu langu. Mimi huwa nazoa jivu langu. Lilikuwa la zamani, limeshikana, la wakati wake. Nikalirudisha jiwe vilevile nikasimama hapo kama mpumbavu na gunia tupu.

Nilishuka Embu na kuni tu. Mlipoenda ofisini, nyuma ya fensi yako nikaona takataka za mafundi, kuna mawe walikuwa wameyatupa. Nikachagua matatu. Moto ukishayapiga moshi, nani atajua? Ndiyo maana masizi yalitoka upesi, mwanangu. Yalikuwa ya siku moja. Unajua kinachonichekesha hata sasa hivi nikiona haya? Katika ile Bustani yao yote, hayo ndiyo mawe pekee magumu walikuwa nayo, na hao wajinga waliyatupa.

Nilipoandika barua ya kwanza nilikuwa nataka uniamini, na nikajua ukisikia jina la mama yako utasoma hadi mwisho. Halafu ukayakalia Njue asiyachukue. Halafu ukayaweka miguuni. Kila barua ilikuwa inazidi kuwa ngumu.

Njoo Ijumaa uyachukue yake mwenyewe. Yako mahali alipoyaacha, kila siku nachemshia chai hapo. Alhamisi jioni nitazima moto ili yapoe, lakini kuyang'oa utayang'oa wewe, mimi mkono hautaki. Na hayo mengine uniletee mimi, nitapikia. Angalau hayo najua niliyapata wapi.

Tailizi zilipasuka. Jiwe lilizama. Chai ilizima moto. Mgomba umeuona na macho yako. Yote nilikuambia yalikuwa hivyohivyo, isipokuwa mawe. Mawe nilidanganya.

Baba yako